Adiponektini: pima ndani, pima na nje

Kosa linaloharibu vipimo vingi vya seli za mafuta ni kuangalia upande mmoja. Mtu anapima adiponektini, homoni ya protini inayotolewa na seli za mafuta, kwenye kiowevu kilichofunika seli, anakuta ni haba, anaandika kwamba seli zimeshindwa kuitoa. Kumbe huenda hazikuitengeneza kabisa, au zimeitengeneza tele ikakwama ndani.

Kukwama kwenyewe ni jambo la kustaajabisha. Molekuli moja ya adiponektini ina kilodaltoni 30 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli). Kwenye retikulamu ya endoplazimu, karakana ya protini ndani ya seli, molekuli tatu hujisokota pamoja, kisha mafungu hayo huungana kuwa ya sita, halafu makubwa ya 18 au zaidi. Mafungu ya sita na makubwa hushikwa na daraja la salfa kwenye sisteini moja (asidi amino yenye salfa): ya 39 kwa panya, ya 36 kwa binadamu. Protini mlinzi iitwayo ERp44 hukamata sisteini hiyohiyo ili mzigo usiondoke, na protini nyingine, Ero1-Lα, huufungulia. Ndiyo maana ndani panaweza kujaa na nje pakawa pakavu.

Seli za 3T3-L1, za panya zinazoweza kugeuzwa seli za mafuta maabara, zinafaa sana kwa kazi hii. Zilee kwenye DMEM (kiowevu cha lishe ya seli) yenye seramu, yaani majimaji ya damu, ya ndama asilimia 10 na uzigawe zikiwa zimefunika kama asilimia 60 ya sahani. Zikijaa kabla hujazigawa, uwezo wa kugeuka seli za mafuta hufifia. Siku 2 baada ya kujaa kwa jaribio, badili uweke seramu ya kijusi cha ng'ombe asilimia 10, na dawa za kuzigeuza: IBMX milimola 0.5 kwa lita, deksamethasoni mikromola 1 kwa lita na insulini mikrogramu 10 kwa mililita. Baada ya saa 48 bakiza seramu na insulini kwa siku 2, kisha seramu pekee. Kufikia siku ya 8 hadi 10, darubini huonyesha matone yanayong'aa kama shanga zilizosongamana. Sahani yenye mabaka matupu usiitumie.

Siku ya kupima, osha mara 3, maana seramu ya ng'ombe ina adiponektini yake. Mimina ukutani mwa kisima cha sahani, polepole: seli zilizojaa mafuta hubanduka upesi. Weka DMEM isiyo na seramu, chukua sampuli saa 0, 1, 2 na 4, kisha zungusha kwa g 1,000 dakika 5. Ukizipasua seli ili kupima ndani, mafuta hukaa juu kama utando mweupe. Pitisha ncha ya pipeti chini yake.

Sahani moja ipewe brefeldini A, dawa inayozuia seli kutoa protini nje, mikrogramu 5 kwa mililita. Adiponektini ya nje isipopungua, unachopima huenda ni mabaki ya seramu au uvujaji wa seli zilizokufa, kwa hiyo pima pia LDH, kimeng'enya kinachovuja seli zikifa, kwenye kiowevu.

Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, endesha sampuli mara mbili. Iliyochemshwa na DTT, kemikali inayovunja madaraja ya salfa, hutoa mstari mmoja karibu na kilodaltoni 30. Isiyochemshwa wala kuwekwa DTT huonyesha mafungu matatu, na hapo ndipo kasoro ya ufungaji hujitokeza. Ikipungua pande zote mbili, ndani na nje, rudi kwanza upime mRNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini. Ikirundikana ndani huku nje ikipungua, chunguza ERp44, Ero1-Lα na njia ya kwenda Golgi, kituo ambako protini hupitia kabla ya kutoka nje ya seli.

Kwa leptini, homoni nyingine ya seli za mafuta, seli hizi usizitegemee: huitoa kidogo mno. Tumia seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye tishu ya mafuta.