Sauti Inayopasuka

Nilijifunza gitaa katika kwaya ya kanisa hapa Mbeya, ambako kila noti hutakiwa isikike safi, na sauti ikianza kukwaruza mtu hutumwa haraka kwa fundi wa redio Mwanjelwa. Kwa sababu hiyo, nilipozisikia kwa mara ya kwanza rekodi za Hound Dog Taylor nilidhani kanda ina hitilafu. Gitaa lilinguruma na kuchanika kama sauti ya mtu aliyeimba usiku kucha, na bado kila neno lake lilieleweka.

Taylor alipiga muziki wa blues katika vilabu vya Chicago, Marekani, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971. Gitaa lake lilikuwa Teisco la Kijapani, la bei ya chini, na amplifaya yake, yaani kikuza sauti, ilikuwa Silvertone, chapa iliyouzwa na maduka ya Sears kwa watu wa kawaida. Katika kundi lake hapakuwa na mpiga besi; yalikuwapo magitaa mawili na ngoma tu, na ule mkwaruzo ndio ulioijaza nafasi iliyobaki wazi.

Kinachotokea ndani ya amplifaya ndogo ni hiki. Wimbi linalotoka kwenye nyuzi hukuzwa hadi kufikia kiwango ambacho umeme uliopo hauwezi tena kulipandisha, na hapo vilele vyake hukatwa vikawa bapa. Ukataji huo huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwapo kwenye uzi, nazo ndizo sikio huzitambua kama ukali. Valvu, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, hukata taratibu, ndiyo maana ukipiga kwa mkono mwepesi sauti hubaki laini na ukikaza mkono hupasuka. Transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, hukata ghafla zaidi. Kwa hiyo amplifaya kubwa ya gharama, ikifunguliwa robo tu, haitatoa sauti hii kamwe, kwa kuwa haijafikishwa mwisho wa nguvu zake.

Wakati mwingine ajali ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mwaka 1951, mjini Memphis, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika kabla ya kurekodi wimbo wa "Rocket 88". Sam Phillips, mwenye studio, akashindilia karatasi kwenye spika na kurekodi hivyo hivyo.

Mimi sina valvu, na simshauri mtu asiye fundi afungue kifaa chenye valvu, kwani kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza umeme, huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ninatumia redio kaseti ya zamani yenye tundu la maikrofoni linalopitisha sauti hadi kwenye spika. Tundu hilo limetengenezwa kwa umeme mdogo sana wa maikrofoni, ilhali pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, hutoa mkubwa zaidi, hivyo sauti hupasuka mapema, hata kabla ya kuwasumbua majirani. Spika yake ndogo hupunguza ule mlio mkali wa juu kabisa, jambo ambalo kwa masikio yangu ni neema. Ninafungua kitasa cha sauti cha gitaa chote ninapotaka ngurumo, kisha, mwimbaji anapoanza ubeti, ninakirudisha hadi nusu na nyuzi zinakuwa safi tena.