Vitabu Vinavyorudi Vinanukia Karafuu

Msimu wa karafuu ukishapamba moto hapa Pemba, mara nyingi hukijua kitabu kilikolala hata kabla sijakifungua kutazama muhuri wa tarehe. Hukinyanyua mezani, nikakikurubisha puani, na harufu yenyewe ikanieleza: kitabu hiki kimekaa katika nyumba ambayo wakubwa kwa wadogo wamezunguka jamvi usiku kuchambua karafuu na makonyo, na baina ya pakacha moja na jingine yuko mtoto aliyeiba dakika chache akasoma. Kwenye kona za kurasa hubaki alama za vidole, za rangi ya kahawia, zisizotoka kwa kifutio wala kwa kitambaa kikavu. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii alama hizo zilikuwa zikinipandisha hasira. Siku hizi kinachonitia wasiwasi ni kile kitabu kinachopitisha msimu mzima bila ya kuwa na hata alama moja.

Mimi ni mkutubi wa watoto hapa Chake Chake. Chumba changu kina madirisha manne, rafu fupi zisizompita kimo mtoto wa darasa la pili, na mkeka mkubwa wa ukindu ulionunuliwa baada ya kudhihirika kwamba watoto wetu kwenye viti hukaa kwa heshima tu, lakini wakitaka kusoma hasa huteremka chini. Siku yangu huendeshwa na saa za skuli na chuo kuliko saa za ofisi. Kwa kuwa skuli nyingi zina mikondo miwili, asubuhi huja wale wanaoingia darasani mchana, na baada ya Adhuhuri huja wa mkondo wa asubuhi wakiwa bado na sare zao, nao hubaki mpaka unapokaribia wakati wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Siku ya Alhamisi, ambayo vyuo vingi hupumzika, chumba hujaa hadi mlangoni, na ndiyo siku ninayosoma hadithi kwa sauti. Nikisema "Paukwa!", ile "Pakawa!" inayorudi husikika mpaka barabarani, na atakayekuja wakati huo kutafuta maktaba ya kimya itambidi asubiri.

Chuo kimewafundisha watoto hawa jambo ambalo mimi sikuhitaji kuwafundisha, nalo ni heshima ya kitabu. Mtoto aliyezoea kuushika msahafu kwa udhu na kuuweka juu ya marufaa haoni kuwa kitabu ni kitu cha kurushwarushwa. Mwaka juzi niliona jambo ambalo sijalisahau. Mtoto wa kiume, wa miaka sita hivi, aliangusha kitabu chembamba chenye picha ya sungura aliyevaa kofia. Alikiokota upesi, akakibusu, akakiweka juu ya paji la uso, kisha akakirudisha rafuni kwa mikono miwili, kama afanyavyo juzuu inapoanguka. Mwenzangu alicheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wakati ule nilianza kufahamu kwa nini watoto wengi wanaokuja kila siku hawajawahi hata siku moja kuazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani.

Heshima ile, ikichanganyika na kanuni zetu, ilikuwa imegeuka hofu. Ukutani nilikuwa nimebandika, kwa maandishi yangu mwenyewe na kwa wino mwekundu, orodha ya makatazo: usikunje, usiandike, usilambe kidole ukifunua ukurasa, usile, na chini kabisa, kwa herufi kubwa zaidi, atakayeharibu atalipa. Mama mmoja alikuja kurudisha kadi ya mwanawe ambayo haikuwa na hata muhuri mmoja. Alinisalimu vizuri, akakaa, akaniambia kwa utulivu, "Mwalimu, usinifahamu vibaya. Kitabu cha serikali mie nyumbani kwangu sikitaki. Nina watoto watano, nina kuku, nina mvua inayovuja. Kikiharibika nitakilipa na nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Niliipokea kadi, na jioni ile, watoto walipokwisha kuondoka, niliibandua ile karatasi ukutani.

Wanaosomea ukutubi huanza na kanuni tano alizozitoa S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, mwaka 1931. Ya kwanza ni fupi kupita kiasi: vitabu ni vya kutumiwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliiona kanuni hiyo kuwa haina haja ya kusemwa, maana nani asiyejua? Lakini Ranganathan aliisema kwa kukumbuka kwamba huko Ulaya, kwa karne nyingi, vitabu vilifungwa rafuni kwa minyororo ili visitoke, na kwamba mkutubi alihesabiwa kuwa hodari kwa kadiri ya vitabu alivyovizuia. Minyororo ya chuma sijapata kuiona, ila nimeona makabati ya vioo yenye kufuli na ufunguo uliosafiri na mwalimu mkuu, na mimi mwenyewe nilikuwa na karatasi yangu ya wino mwekundu.

Wala sitaki nieleweke kwamba kitabu kiachwe kife. Kuvitunza vitabu katika kisiwa ni vita vya kila siku, na adui mkubwa ni unyevu. Rafu zetu haziegemezwi moja kwa moja ukutani, vitabu havisongwi mpaka hewa ikakosa njia, na kila wiki hupitia safu moja nikivifunua kimoja kimoja kutafuta ukungu na vijidudu vinavyopenda gundi ya mgongo wa kitabu. Masika moja paa lilivuja usiku kucha juu ya rafu ya vitabu vya picha. Asubuhi tulikuta vitabu 43 vimelowa, vingine vinachuruzika. Mwenzangu, kwa wazo ambalo Mpemba yeyote angekuwa nalo, alisema tutandike majamvi tuvianike kama karafuu. Nilimwomba asubiri, kwa sababu vitabu vya picha karatasi zake za kung'aa zimepakwa udongo laini mweupe, na udongo huo ukilowa hufanya kazi ya gundi: kurasa zikikaukiana zimeshikana, kitabu kinakuwa tofali, na hakuna mkono utakaozibandua bila ya kuchana picha. Na ukungu nao hausubiri, kwani ndani ya saa 48 tu huweza kuanza kuota.

Dawa yake ni baridi. Kitabu kilichogandishwa hakioti ukungu, na humpa mtu muda wa kukishughulikia kwa zamu yake. Sisi hatukuwa na freza, lakini jirani yetu anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu anayo, kubwa, ya kufunguliwa juu. Nilimwendea nikiwa sijui hata nianze wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Vitabu ndio vigandishwe?" Kisha akasema, "Haya, lete, lakini mifuko uifunge barabara, nisije nikawauzia watu barafu ya wino." Vilikaa kule kwa wiki tatu hivi, nami kila usiku nikiuombea uzima ule waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Nilikuwa nikivitoa vitano vitano, nikasubiri viyeyuke, nikatia karatasi nyeupe baina ya kila kurasa mbili, nikabadilisha karatasi hizo zikishalowa, na kuacha feni ivipepee pembeni, isivipulize usoni. Viwili vilitushinda. Vilivyobaki vimekunjamana kidogo, lakini vinasomeka.

Faida moja ambayo sikuitarajia ilitokana na hiyo hiyo freza. Miongoni mwa vitabu tunavyoletewa kwa msaada kutoka nchi za baridi, vingi vina theluji ndani yake: mtoto anajenga mtu wa theluji, mtoto amepoteza glavu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikivisukuma nyuma ya rafu, maana kumweleza theluji mtoto wa Pemba kwa maneno ni kazi ya kuchosha. Basi mtoto mmoja aliyenisaidia kubeba mifuko alikiona kitabu kilichotoka barafuni, kimefunikwa na ule unga mweupe wa baridi, akaupitishia kidole, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Tangu hapo yeye ndiye anayewaeleza wenzake. Hata hivyo, kama ningeulizwa, ningependa makasha hayo yawe nusu tu ya tunavyopata, na nusu nyingine iwe vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa karibu zaidi.

Hamu ya vitabu vya hadithi za kwetu naiona kila Alhamisi. Rafu yangu inayochakaa mapema kuliko zote ni ya namba 398.2, ambayo ndiyo namba ya ngano katika mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada, alioutoa mkutubi wa Kimarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Inayofuata ni ya 297, ya Uislamu, ambayo hufurika kwa sababu Dewey aliugawia Ukristo karibu daraja zima la 200, lililo la dini, na kuuachia Uislamu kijumba kimoja tu. Hapa kwetu visa vya mitume peke yake vimehitaji rafu mbili, nami nimezitofautisha kwa utepe wa rangi, maana mtoto wa miaka saba hana haja ya kujua desimali. Katika ngano ndiko ninakosahihishwa zaidi. Hadithi walizosimuliwa wageni na watu wa Unguja zimo vitabuni tangu mmisionari Mwingereza Edward Steere alipozichapisha London mwaka 1870, lakini ngano iliyochapwa haimzuii mtoto kuinua mkono na kusema, "Mwalimu, bibi yangu haimalizi hivyo." Zamani ningemwambia kitabu ndivyo kisemavyo. Sasa namwita mbele, akaa kitini pangu, nami nateremka mkekani kusikiliza anavyoimaliza bibi yake. Wakati mwingine mwisho wa bibi huwa mzuri zaidi.

Baada ya kuibandua ile karatasi nilikwenda kwa yule mama aliyerudisha kadi. Nilimweleza kwamba kitabu cha mtoto huhesabiwa kuwa kitachakaa, kwamba gundi, uzi na utepe tunavyo, na kwamba kinachotakiwa ni kurudishwa hata kikiwa vipande. Alinitazama kwa shaka, akasema atafikiri. Alifikiri miezi miwili. Mwanawe, msichana wa darasa la tatu asiyependa kusema, alikuja siku moja akachukua kitabu cha wanyama wa baharini, akakipigia muhuri mwenyewe kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka.

Tarehe ya kurudisha ilipita, ikapita wiki, ikapita ya pili, na msichana haonekani. Nilimwona sokoni, akajificha nyuma ya mamake. Nilimchuchumalia nikamuuliza kitabu kiko wapi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mie sikukichana. Mbuzi kakila." Mamake alikuwa ameshaanza kufungua pindo la kanga alimofunga pesa. Nilimshika mkono nikamwambia azirudishe, nikamwomba mtoto aniletee kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa karibu chote. Mbuzi alikuwa ameanzia kona ya chini, akapitia kurasa saba kwa mduara mzuri wa meno, akafika kwa kasa akaacha, nadhani wino haukumpendeza. Nilikata karatasi za kufidia pembe zilizoliwa, nikazibandika na kukikandamiza kitabu usiku kucha chini ya kamusi mbili. Maneno yaliyokwenda na mbuzi niliyaandika upya kwa kalamu, isipokuwa jina la samaki mmoja ambalo sikulijua; hilo alilijaza yule msichana, kwani babake ni mvuvi.

Kitabu hicho sasa hakikai rafuni. Watoto hawakiulizi kwa jina lake, huuliza "kile alichokila mbuzi," na wakishaziona alama za meno hukaa wakasoma na kilichomo. Wiki iliyopita tulikuwa tukifanya hesabu ya mwaka, nikafika penye safu ya hali ya kitabu, ambapo hutakiwa kuandikwa kizima, kibovu au cha kuondolewa. Nilitafuta kitabu chenyewe ili nikitazame vizuri kabla ya kuandika, lakini kilikuwa kimeshaazimwa.