Kumrudisha bibi Mpwapwa na jicho jipya

Bibi yangu mzaa baba ana miaka 80 na ushee na kwa muda mrefu alikuwa anatutambua kwa sauti na harufu, yaani ukiingia hata hujasalimia anauliza "nani huyo ananuka sabuni ya mjini?" na sisi tunacheka, kumbe mtoto wa jicho alishatanda macho yote mawili. Mwenyewe alikuwa anasema ni uzee na uzee hauna dawa. Kilichotushtua ni siku alipomkaribisha mgeni aliyesimama uani, akamuulizia habari za kwao, za watoto, za mvua, akaanza kukasirika mbona hajibiwi, na mgeni mwenyewe ni koti la baba mdogo limeanikwa kwenye kamba. Shangazi akasema basi imetosha, akaja kumchukua akampeleka Dar.

Alifanyiwa jicho la kulia kwanza. Kesho yake bandeji ilipotolewa akamkazia macho shangazi, akamwangalia weee, akamwambia "mwanangu, mbona umezeeka hivyo na hukuniambia?" Shangazi alicheka huku analia, nesi naye akalazimika kutoka nje kidogo.

Kumrudisha ikaangukia kwangu kwa sababu mimi ndo mume wake, bibi ameniita mume wangu tangu sijaota meno, na dada zangu wote ni wake wenzie ambao anawagombeza kila siku eti wanamnyang'anya mume. Daktari alikuwa amesema vumbi hapana, moshi hapana, kuinama na kubeba mizigo hapana, matone ya jicho kwa saa, kwa hiyo habari ya basi la siku nzima tukaiweka pembeni, tukakata tiketi za treni ya umeme ile ya mchongoko. Tangu Julai 2024 treni za SGR, yaani reli mpya ya kisasa, zinafika Dodoma na ni kama masaa matatu na nusu hivi, kwa mgonjwa wa jicho hakuna usafiri mzuri kama huo nawaambia ukweli.

Stesheni ya Dar jengo lake limechorwa kwa umbo la tanzanite, bibi akasimama nje akaanza kulikagua kutoka juu mpaka chini, watu wanatupita na mabegi wanatukwepa, nikimvuta anasema niache nione, nililipia. Kwenye ukaguzi wa mizigo askari akaona kitu chenye kichwa na mkia kwenye skrini akauliza bibi hiki nini, bibi akamjibu "huyo ni nguru mkavu, nawapelekea watu wa bara wajue bahari inanukaje". Yule kijana akacheka akatupitisha. Ngazi za umeme ndo zilitutesa. Akaweka mguu, akautoa, akaweka, akautoa, mwisho akasema hawezi kupanda ngazi ambayo haijatulia, tukaenda kwenye lifti, huko nako akawaamkia watu wote mmoja mmoja.

Ndani ya behewa ndo kabisa. Alivyokaa tu akageukia watu akatoa sauti, "Mbukwenyi!" na kwa bahati kulikuwa na Wagogo humo, wakaitikia kutoka mbele na nyuma watu wakaanza kuchangamka, kijana wa pembeni yetu aliyekuwa na mziki masikioni akaulizwa yeye mtoto wa nani na kwao wapi mpaka akavua vile vidude mwenyewe. Hakuvirudisha tena mpaka Dodoma.

Kisha bibi akatafuta pa kufungulia dirisha. Nikamwambia halifunguki, humu kuna kiyoyozi. Akaniuliza "sasa tutanunuaje chakula?" Na hapa mtu aliyesafiri na treni ya zamani ataelewa, maana safari ya reli ya kati ilikuwa ni kula, kila stesheni kuna kuku, karanga, miwa, ndizi, mama anakimbia na sinia kichwani pembeni ya behewa anadai chenji yake. Bibi alipandia Gulwe, stesheni ya karibu na kwetu Mpwapwa, bado mwali, babu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Kimamba, na anakumbuka alinunua yai la kuchemsha dirishani, treni ikaondoka kabla hajapewa chumvi. Zaidi ya miaka sitini imepita na yule mama wa chumvi bado anadaiwa.

Reli aliyopandia yeye ni ile ya Wajerumani, walianza kuijenga Dar mwaka 1905, Morogoro wakafika 1907 na Kigoma 1914. Pale kati ya Kilosa na Gulwe mto Mkondoa umeisumbua sana, mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaliisomba vibaya, na bibi anayakumbuka kwa sababu alikuwa anamsubiri shangazi na treni ikawa haiji. Reli mpya huko milimani imepitishwa kwenye mahandaki, na mimi nikasahau kabisa kumtahadharisha. Alikuwa amebandika uso kwenye kioo anahesabu mibuyu, ghafla giza. Akapiga ukelele, "Mume wangu, jicho limefunga! Jicho limerudi tena!" behewa zima likanyamaza, kakamata mkono wangu kwa kucha zile. Nikamgeuza kichwa taratibu akaona taa za ndani, akaniona mimi, akaona yule kijana kasimama na chupa ya maji ameshika kifuniko hajui amfanyie nini. Bibi akanyamaza kidogo, akashusha pumzi, akasema "wangesema basi kama wanatupitisha kaburini". Handaki lililofuata behewa zima lilimwimbia "linakujaaa".

Kengele ya simu ikalia ya matone. Hiyo kazi naipenda sana sijui niseme vipi. Anaegemeza kichwa nyuma, anavuta kope ya chini mwenyewe kwa kidole kile cha shahada kilichopinda kwa kuchambua karanga, mimi nadondosha tone moja, anafumba, na machozi kidogo yanashuka kufuata mkunjo mmoja mpaka sikioni nayafuta na ncha ya kanga yake. Jicho lenyewe sasa jeusi safi, lile wingu la maziwa halipo tena.

Gulwe tuliipita mbio. Yeye aliijua kwa vilima kabla mimi sijaona kibao, akanyanyuka akaanza kufunga kanga, "tumefika, shusha mzigo", namwambia bibi treni yetu hii haisimami hapa tunaenda kushukia Dodoma halafu tunarudi na gari, akaangalia stesheni inavyokimbia nyuma akasema maisha yake yote hajawahi kupitishwa nyumbani kwake akiwa mzima. Alinuna mpaka Dodoma. Zabibu ndo zilimrudisha, nilimnunulia akazila zote na mbegu zake.

Njia ya kurudi tukapitia Mbande na Kongwa, na pale Kongwa akaniambia habari ya mradi wa karanga wa Waingereza, ile ya 1947 mpaka 1951, baba yake alifanya kibarua cha kung'oa visiki na alikuwa anarudi nyumbani ananuka mafuta ya matrekta, karanga zenyewe hazikufika kokote.

Tumefika jua linaelekea kuzama, uani wamejaa. Hakukubali kuingia ndani, aliomba kigoda akapanga wajukuu na vitukuu mstari akawa anamshika mtu kidevu anamgeuza huku na huku, "wewe pua ya babu yako", "wewe mzuri kumbe", "wewe nani kakunyoa hivyo?" mpaka akafika kwa kadogo kamoja ka miaka minne ambako hakuwahi kukaona kabisa sura yake, alikuwa anakajua kwa kicheko tu. Akakaangalia muda mrefu. Akasema "haya, sasa ndo namjua mwizi wa karanga zangu", kale katoto kakakimbilia nyuma ya jiko.

Jikoni bado anapigwa marufuku, na kila siku wanamkuta kaingia eti anaonja chumvi. Simu anapiga mwenyewe sasa, anazisoma namba. Anachouliza ni jicho la kushoto lini, mimi namwambia baada ya mavuno, yeye hataki, anataka kabla, kuna mtu anamvunjia mahindi upande wa kushoto wa shamba.