Leja za ushuru zimeingia kwenye kompyuta, na si kwa ushauri wa mtaalamu

Siku hizi mfanyabiashara wa mji wetu, huku upande wa Busia, Uganda, akitaka leseni ofisini kwetu naingiza NIN yake, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, jina linatokea, deni linatokea, natoa namba ya malipo, ile PRN, naye analipa kwa simu bila kufunga kibanda. Kushikana mashati juu ya risiti iliyopotea kumekwisha. Wanaosema ofisi ndogo haiwezi, waje waone.

Ila kwanza nimseme mtaalamu. Tuliletewa kijana kutoka Kampala, viatu vinameta, akatuambia tupige picha kila ukurasa, mengine yatajipa. Mweka hazina akatikisa kichwa kukubali, basi tukapiga. Leja za miaka na miaka, nyingine pembe zimeliwa na mchwa. Umeme ukikatika tunazibeba hadi dirishani, mmoja anashikilia ukurasa, mimi napiga kwa simu yangu. Tukaishia na maelfu ya picha zisizo na majina, namba za kamera tupu. Akaja mama mmoja muuza mitumba kuulizia deni lake, nikaanza kufungua picha moja moja. Kwenye leja ningempata upesi tu. Kwenye picha tulifika saa ya chakula, naye yuko kwenye benchi anachambua kunde zake, hasemi neno, ananitazama tu.

Karatasi hazikuwa na kosa. Shida ni majina, maana humo ndani mtu mmoja ana matatu: “Wandera J.”, “Baba Nekesa”, na “duka la bluu karibu na mwembe”. Mwembe wenyewe ulishakatwa. Nikaachana na picha, nikaanza na walio sokoni leo: nani ana duka, anadaiwa nini mwaka huu. Nilizunguka na mzee wetu wa kukusanya ushuru, ambaye mtaalamu hakumsalimia hata, na ndiye anayejua kila mlango umepita mikononi mwa nani.

Sasa ujanja wangu wa kupata jina halisi la mtu. Laini za simu zinasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mtu akinipa namba yake, mbele yake mwenyewe naanza kama namtumia shilingi 500. Kabla sijaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linatokea. Nanakili, nakatisha. Bure kabisa! Ila kitambulisho uombe vilevile, maana wapo wanaotumia laini za waume zao, na muuza samaki mmoja alitokea kwa jina la mchungaji wake. Soko lilicheka mpaka jioni.

NIN yenyewe ina herufi na tarakimu 14. CM ni mwanaume, CF mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Mzee wa mvi akikuletea 97, kabeba kitambulisho cha mwanawe. Herufi O na sifuri nazo zitakutoa jasho.

Gharama? Bando, boda, soda za mzee, laki tatu hivi au nne. Nyingine zilitoka mfukoni mwangu na bado nazidai.

Mtaalamu alitaka leja zichomwe tupate nafasi. Thubutu! Mkaguzi wa hesabu akifika bado anataka kushika karatasi yenye muhuri. Ziko kabatini na dawa ya mchwa, ufunguo anao mzee wa ushuru, na hamwazimi mtu, hata mweka hazina.