Madoa Sugu kwenye Nguo za Mtoto: Maji Baridi Yatangulie, Pasi Iwe ya Mwisho

Sanduku la nguo za mtoto wa kwanza linapofunguliwa ili kumpokea wa pili, wazazi wengi hukutana na jambo linalowashangaza: nguo zilizofuliwa, zikaanikwa na kukunjwa zikiwa nyeupe pepepe, zinatoka zikiwa na mabaka ya njano shingoni na kifuani. Hakuna aliyezivaa humo sandukuni. Mabaka yale yalikuwamo tangu siku zilipokunjwa, ila yalikuwa hayajajitokeza, kwa sababu maziwa yana protini na mafuta, na mafuta yanayosalia ndani ya nyuzi baada ya kufua huendelea kukutana na hewa polepole, yakachacha na kugeuka rangi kadiri miezi inavyopita. Ndiyo maana hata nguo za watoto za mtumba, ukizichambua pale Mchikichini au sokoni kwingine kokote, mara nyingi huwa na mabaka hayo hayo chini ya kidevu, ilhali kitambaa chenyewe bado ni kizima kabisa.

Inaniuma kuona nguo za namna hiyo zikitupwa au zikigeuzwa matambara ya kudekia, na inaniuma zaidi kuona zikimwagiwa dawa kali ambazo baadaye zitagusana na ngozi ya kiumbe wa wiki mbili. Mengi ya madoa hayo hutoka. Kinachotakiwa ni kujua doa limetokana na nini kabla ya kugusa sabuni, kwa kuwa njia inayoliondoa doa moja ndiyo hiyo hiyo inayoligandisha jingine.

Tuanze na maziwa, maana ndiyo yanayotawala miezi sita ya mwanzo. Katika nyumba zetu nyingi nguo za mtoto hufuliwa kwa maji ya moto, na wazee wetu walikuwa na sababu nzuri za kusisitiza hivyo, kwani moto huua vijidudu. Shida iko kwenye mpangilio. Protini ikikutana na maji ya moto huganda kama ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria, na ikishaganda ndani ya nyuzi za pamba, kuifikicha ni kujichosha na kuchakaza nguo. Kwa hiyo maji baridi yatangulie, na maji ya moto yaje baadaye, doa likiwa limeshaondoka.

Nguo aliyocheulia mtoto igeuzwe ndani nje, kisha maji baridi ya bomba au ya kopo yapitishwe kwa nyuma ya doa, ili yayasukume maziwa yatoke kule kule yalikoingilia badala ya kuyazamisha zaidi. Kama maziwa yamekwisha kukauka na kufanya gamba, liparuzwe taratibu kwa ukucha au kijiko kabla ya kulowesha. Baada ya hapo nguo ilowekwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, na ikae humo saa kadhaa au usiku kucha. Hapa muda hufanya kazi ambayo mikono haiwezi kuifanya. Sabuni nyingi za unga siku hizi zina vimeng'enya vinavyokatakata protini na mafuta, wazo ambalo Mjerumani Otto Röhm alilipatia hataza mwaka 1913 alipotumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama katika kufulia. Vimeng'enya hivyo hupenda uvuguvugu na huharibika katika maji yanayochemka, hivyo anayemimina maji ya moto moja kwa moja juu ya sabuni ya namna hiyo anaua kile hasa alichokilipia. Sabuni ya mche haina vimeng'enya. Inafaa sana kwa jasho na uchafu wa kawaida, lakini kwa baka la maziwa la mwaka mzima haitoshi.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mafuta yameisha. Nguo ikishakauka, dondosha tone moja la maji mahali palipokuwa na doa na jingine pembeni. Penye pamba safi tone huzama mara moja na kusambaa; penye mafuta huketi juu ya kitambaa kitambo kidogo, duara na liking'aa, kabla ya kunywewa. Likiketi hivyo, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kiasi kidogo, isugue kwa ncha ya kidole, iache robo saa, kisha rudia kuloweka. Mabaka ya zamani yaliyotoka sandukuni huhitaji mzunguko huu mara mbili au tatu, na anayekata tamaa baada ya mara ya kwanza hukatishwa na haraka yake tu.

Choo cha mtoto anayenyonya ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo makubwa kuliko zote. Siku za kwanza mtoto hutoa choo cheusi chenye kijani, kizito na cha kunata, ambacho huoshwa kwa maji baridi na sabuni mapema kabla hakijakauka. Kisha kinakuja kile cha njano kama haradali, ambacho hata nguo ikifuliwa kwa bidii na ikatakata, kivuli chake hubaki. Njano hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na bilirubini, rangi inayotengenezwa pale chembe nyekundu za damu zilizochakaa zinapovunjwa mwilini. Kwa mtu mzima bakteria wa utumbo huigeuza kuwa ya kahawia. Kwa mtoto mchanga bakteria hao bado ni wachache, hivyo njano hutoka nje ikiwa bado njano.

Sasa, bilirubini ina udhaifu mmoja mkubwa: mwanga huivunja. Katikati ya miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyekuwa akisimamia wodi ya watoto njiti aligundua kwamba watoto aliowatoa nje juani walipungua umanjano, isipokuwa mahali palipofunikwa na shuka. Mwaka 1958 madaktari wa hospitali hiyo walichapisha matokeo ya kutumia taa kwa watoto wenye manjano, na taa za buluu zinazotumika leo katika wodi za watoto wachanga zimetokana na kazi hiyo. Mwanga huo huo, ukiangukia nepi iliyoloa kambani, hufanya kazi ya jamaa moja. (Nepi nazungumzia, si mtoto: mtoto mwenye manjano apelekwe hospitali, asitibiwe kwa kuanikwa dirishani.)

Kwa hiyo nepi au fulana yenye kivuli cha njano isuuzwe vizuri, isikamuliwe ikakauka, kisha ianikwe ikiwa bado imeloa, upande wenye doa ukilitazama jua. Ikikauka kabla doa halijaisha, inyunyiziwe maji na kurudishwa kambani. Jua la Dar es Salaam la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri huweza kufuta kwa siku moja kivuli ambacho kimeshinda sabuni ya wiki nzima, na hata siku ya mawingu kazi huendelea, ila polepole. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje, maana jua halichagui kati ya rangi ya choo na rangi ya kiwandani.

Hapa ndipo pasi inapohitaji kutajwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini, chini mchangani au zenye harufu ya mkojo, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto na kukua humo na kufanya uvimbe kama jipu. Bibi zetu walianika nepi juu ya majani kwa sababu zilitakata, na kwa kutakata walikuwa sahihi. Lakini kamba iliyo juu na juani ni salama zaidi, na nguo ya mtoto mchanga iliyokauka nje ipigwe pasi ya moto pande zote, pamoja na mishono na mikunjo ya kiunoni. Ila pasi hiyo hiyo hugandisha doa la protini lililosalia. Nguo yenye doa isipigwe pasi kisha ikafuliwa tena kwa matumaini. Irudishwe kwenye beseni kwanza, na pasi ije ikiwa kazi ya mwisho.

Mtoto anapoanza kula, madoa hubadilika kabisa. Ndizi ndiyo hatari kubwa, na akina mama wa Kilimanjaro na Kagera wanajua ninachosema, kwa sababu doa la mtori au la ndizi mbivu iliyopondwa halionekani siku ya kwanza. Linakuja baadaye, kahawia iliyokolea, baada ya viini vyake kuungana na hewa. Nguo iliyoingia ndizi isisubiri kapu lijae. Isuuzwe papo hapo kwa maji baridi mengi, kisha ilowekwe kwenye sabuni ya unga. Sabuni ya mche isitangulie, kwa kuwa huweza kulikaza doa la namna hii. Likishakuwa la kahawia kwenye nguo nyeupe ya pamba, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia, maana ikimaliza kazi yake hubaki maji na oksijeni. Ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani, kisha nguo isuuzwe.

Karoti, boga, papai na mawese ni jamaa moja: rangi yao ya chungwa huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huanza na sabuni ya vyombo, halafu hukabidhiwa jua kama nepi. Dawa ya maji ya kuongeza damu huacha doa la kutu kwa sababu ina madini ya chuma, na doa hilo hutibiwa kwa ndimu na chumvi: kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, iache saa moja juani, kisha suuza sana. Mikono ioshwe kabla ya kuendelea kukaa juani, maana maji ya ndimu na jua huunguza ngozi.

Mama jirani atakapokuambia, “Tia Jik tu, mama, yataisha,” mjibu kwa upole kwamba unaanza na maji baridi. Dawa hiyo ya klorini hulifanya doa la chuma kukaza zaidi, hudhoofisha pamba, na hula lastiki za kiuno. Isichanganywe na siki wala ndimu, na isimwagwe kwenye nepi zenye mkojo ambazo hazijasuuzwa, kwa sababu michanganyiko hiyo yote hutoa hewa yenye sumu, tena kwenye bafu dogo lisilo na dirisha ambamo mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko. Kuhusu bluu ya kufulia, sina ugomvi nayo kwa shati la shule, lakini kwenye baka la maziwa huficha njano kwa kuweka rangi juu yake, na mafuta hubaki pale pale.

Maji nayo yana sehemu yake. Wanaotumia maji ya kisima cha chumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, wataona nguo za mtoto zikiwa ngumu na zikipata ukijivu hata zisipokuwa na doa. Madini ya maji hayo huungana na sabuni ya mche na kufanya utando mweupe unaoshikamana na nyuzi, na utando huo hukwaruza ngozi na kushika uchafu mpya. Kama maji ya mvua au ya bomba yanapatikana kwa ndoo mbili tu, nguo za mtoto ndizo zipewe, hasa kwa suuzo la mwisho. Kama hayapatikani, sabuni ya unga huhimili maji hayo vizuri zaidi. Kwa vyovyote, suuza hadi maji yaache kutoa povu, kwa maana sabuni iliyobaki humwasha mtoto.

Inabaki kuhifadhi. Nguo ziwekwe zikiwa zimepita kile kipimo cha tone la maji, zimekauka kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana. Vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza wadudu visiwekwe kamwe kwenye nguo za mtoto. Watoto wengi katika ukanda wetu, ambako malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao mvuke wa nafthalini uliobaki kwenye nguo au blanketi unaweza kuzipasua chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Nguo zilizokwisha kukaa na vidonge hivyo zifuliwe na kuanikwa nje mara nyingi hadi harufu iishe kabisa, na hata hapo mtoto mchanga sana ni bora avishwe nyingine. Kama amekwisha kuzivaa na macho yake yakaonekana ya njano, au amekuwa mlegevu na kukataa titi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuwa nguo zilihifadhiwa na nafthalini.