Nilivyohamisha bakap za terabaiti 8 bila diski mpya kujaa

Wasee, kama bakap zenu ni za rsnapshot (programu ya kupiga bakap) someni hii kabla hamjaanza kukopi. Tulikuwa na seva nzee hapa Westlands, terabaiti 8 hivi za bakap, zinahamia seva mpya iko Mombasa Road. Shida ni rsnapshot inatumia hadilinki, yaani majina kibao yanaelekea data moja, na rsync -a (amri ya kukopi faili) haijali hizo linki, kila jina inalikopi kama faili kamili, so diski inajaa hata nusu hujafika. Ukiongeza -H linki zinabaki lakini kwa mamilioni ya faili RAM inaliwa vibaya sana.

Dawa ilikuwa kuachana na faili kabisa. Nikaishusha patisheni (ile sehemu ya diski yenye bakap) kwa umount ili isitumike, nikaikopi nzima, biti kwa biti, kwa dd mpaka diski ya nje (kwa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde ingekuwa kama saa 18 ukiwa mtupu, na nani Nairobi ana laini tupu?), sha256sum (alama za kuhakiki data) za pande zote mbili zikalingana, nikaibeba kwa begi, dd tena kwa seva mpya, e2fsck -f kukagua makosa, halafu resize2fs ili ext4 (mfumo wa faili) ienee diski mpya nzima. UUID (namba ya utambulisho ya mfumo wa faili) inabaki ileile, kwa hivyo diski zote mbili msizichomeke mashine moja, fstab (faili inayoambia Linux diski gani iwekwe wapi) itachanganyikiwa.