Kiu Kando ya Ziwa

Kila alfajiri nikielekea kazini hupita kwenye kioski cha maji hapa Nyalenda, Kisumu, nikakuta mitungi ya njano ya lita 20 imeshika foleni huku wenyewe wakimalizia usingizi. Ziwa Victoria liko umbali wa kutembea kwa miguu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayenunua maji kwa mtungi huyalipia ghali, lita kwa lita, kuliko mkazi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, ambaye bomba limemfikia jikoni.

Chanzo chake ni cha zamani. Reli ilipofika mwaka 1901, mji uliitwa Port Florence, nao ulipangwa kwa ajili ya bandari, maafisa na wafanyabiashara. Waafrika wengi waliofuata kazi walijikuta wakiishi nje ya mpaka wa mji, kwenye mashamba ya familia ambayo leo ndiyo Nyalenda na Manyatta, na mitaa hiyo ilipoingizwa katika manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuwa imetengewa njia za mabomba wala mitaro. Ardhi bado ni ya watu binafsi, kwa hiyo kila bomba linalotaka kupita linamtaka mwenye kiwanja aachie nafasi ambayo angejenga chumba cha kupangisha. Simlaumu, kwani wengi wao kodi hiyo ndiyo riziki yao ya uzeeni. Lakini serikali, iliyokuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kukaa na wenye ardhi hawa na kuwafidia, nailaumu.

Katika ploti yetu kuna kisima. Nimehesabu hatua kumi na mbili kutoka hapo hadi chooni, na mvua za masika zinapojaza udongo wetu mweusi, choo hufurika. Ndiyo maana mama tunayepakana naye hutenga maji yake: ya kioski ni ya kunywa na kupikia, ya kisima ni ya kufua na kudekia, na mtungi wa kisima ameufunga kitambaa chekundu ili watoto wasikosee.

Juma lililopita kioski kilikauka siku tatu. Siku ya pili nilimkuta ameinamia jiko, anachemsha maji ya ule mtungi wenye kitambaa chekundu kwa ajili ya uji wa mtoto, na alipoyaepua, makaa aliyonunua ya kupikia chakula cha jioni yalikuwa yamekwisha.